Pembetano Kumi na Mbili

Mimi si mtu wa kugombana. Watakaokwambia vingine ni mume wangu, mama mkwe wangu na mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha, na wote watatu wana sababu zao. Lakini Jumatano ile, muda mfupi baada ya chai ya saa nne, niliiweka kalamu nyekundu mezani nikakataa kuishika tena, na mpaka leo nikikumbuka kilichonifikisha pale damu inanichemka.

Tulikuwa tunasahihisha mtihani wa kemia wa kumaliza sekondari. Walituweka kwenye ukumbi wa shule ya bweni ambayo wanafunzi wake walikuwa likizo. Meza sita ndefu, kila meza watu kumi na wawili, madirisha yamefungwa ili upepo usipeperushe karatasi, na simu zetu zote zimelala kwenye beseni la mlinzi mlangoni. Kazi yenyewe inakwenda kwa mkanda: kila mtu ana swali moja tu. Karatasi ya mtahiniwa inaanza kwa aliyeshika swali la kwanza, anasahihisha, anamsogezea wa pili, wa pili anamsogezea wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa meza, ambako kiongozi wa meza anajumlisha alama. Wanasema njia hiyo ni ya haraka na ya haki, kwa kuwa hakuna mtu mmoja anayeshika maisha ya mtoto peke yake. Ya haraka, ni kweli.

Humo ndani majina yanakwisha. Unaitwa kwa swali lako. Mimi nilikuwa Kumi na Moja. Aliyenisogezea karatasi alikuwa Kumi, mwalimu mpya aliyekuwa akisahihisha kwa mara ya kwanza maishani mwake na aliyemwogopa kila mtu, hata mpishi. Mkabala nami aliketi Mbili, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Huyo tulimwita Shangazi, maana kumwita Mbili mtu wa umri wake ni utovu wa adabu. Kiongozi wa meza yetu alikuwa mzee mpole mwenye neno "polepole" mdomoni asubuhi na jioni, basi naye tukamwita Babu Polepole. Na juu yetu sote kulikuwa na Mkuu wa Somo, bwana wa miwani mizito, aliyevaa ufunguo wa stoo ya karatasi shingoni. Ukimweleza jambo lolote, jibu lake lilikuwa moja: "Hilo si hoja."

Sasa sikiliza swali langu lilivyokuwa. Lilihusu ile molekuli ya kaboni yenye atomi sitini zilizoshikana zikafanya tufe, wazi kwa ndani, kama mpira wa miguu. Mchoro wake ulichapwa juu ya swali, mkubwa na safi, pande zote mbili, mbele na nyuma. Sehemu ya kwanza ilimtaka mtahiniwa ataje uso wa molekuli hiyo una pembetano ngapi, yaani yale maumbo ya pande tano, na pembesita ngapi, yale ya pande sita. Alama nne, mbili kwa mbili. Sehemu ya pili iliuliza kwa nini haipitishi umeme vizuri kama grafiti ilhali zote ni kaboni tupu. Ya tatu iliuliza kwa nini inayeyuka kwenye toluini, kimiminika cha kuyeyushia, na kutoa rangi ya zambarau, wakati almasi ukiitumbukiza humo hata mwaka mzima inabaki ilivyo.

Ni swali zuri. Nalipenda mpaka leo. Na nataka ujue kwamba hiyo rangi ya zambarau sijawahi kuiona kwa macho yangu. Shuleni kwangu kabati la maabara lina chupa tatu zisizo na vibandiko na panya mmoja aliyekauka. Watoto wetu wanaifahamu molekuli hiyo kwa mchoro tu. Wana mchoro na vidole vyao, basi.

Mwongozo wa kusahihisha tulipewa Jumapili, umepigwa mhuri kila ukurasa. Sehemu ya kwanza ya swali langu ulisema: pembetano ishirini, pembesita kumi na mbili. Tuliusoma pamoja ukumbini, walimu sabini na wawili wa kemia, swali hadi swali, na Mkuu akawa anauliza, "Tunakubaliana?" nasi tunaitikia kama kwaya. Jumatatu tukaanza. Jumanne tukaendelea. Ukishasahihisha swali moja mara mia tatu, husomi tena. Macho yanatafuta ishirini, yakiiona mkono unatoa alama. Yakikosa, mkono unapiga mkasi, ile alama ya kukosa. Ndivyo tulivyofanya sote, na hatukuona ubaya wowote, kwa sababu ndiyo kazi tuliyoitiwa.

Jumatano ikanifikia karatasi ya mtahiniwa mwenye mwandiko kama wa kuku aliyekanyaga wino. Pembetano: 12. Pembesita: 20. Mkono wangu ulikwishapiga mstari mmoja wa mkasi, nikawa naurudisha kupiga wa pili, nikaona pembeni maandishi madogo yaliyobanwa kwenye ukingo wa karatasi:

"Kila kaboni imo kwenye pembetano moja tu. 60 ÷ 5 = 12."

Nikasimamisha mkono. Nikautazama mchoro. Nikachagua atomi moja, nikaangalia maumbo yanayokutana pale: pembetano moja, pembesita mbili. Nikachagua nyingine: vilevile. Nyingine tena. Hakuna pembetano mbili zilizogusana popote. Basi kama atomi ni sitini, na kila pembetano inachukua tano zake bila kumgawia mwenzake, haziwezi kuwa ishirini, maana ishirini mara tano ni mia. Zingetoka wapi atomi nyingine arobaini? Na pembesita nazo: ishirini mara sita ni mia na ishirini, kila atomi imehesabiwa mara mbili, unarudi palepale kwenye sitini. Mtoto yule alikuwa amelimaliza jambo zima kwa mstari mmoja.

Na mimi ni binti wa fundi viatu. Baba yangu sasa amestaafu, anakaa kwangu, na kazi yake kubwa ni kuwakosoa wajukuu wanavyokanyaga visigino. Lakini enzi zake alishona mipira ya shule zote za jirani. Nimekua nikimwona akikata ngozi: vipande kumi na viwili vyeusi vya pande tano, ishirini vyeupe vya pande sita. Hajawahi kukata cheusi cha kumi na tatu. Kumbe mwongozo ulikuwa umegeuza namba, na sisi walimu sabini na wawili tumeitikia kama kwaya.

Nikamwita Babu Polepole. Akaja, akainama, akasoma ule mstari, akahesabu kwa ncha ya kidole akisogeza midomo. Nilimwona usoni alipofika kumi na mbili. Akajinyoosha, akatazama kushoto na kulia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Nimpe mtoto huyu alama zake nne kimyakimya, nisogeze karatasi, yeye atajumlisha bila kuuliza. Mengine tufunike kombe mwanaharamu apite.

Sikatai, nilishawishika kwa muda wa kupumua mara moja hivi. Kisha nikamuuliza: na wengine walioandika kumi na mbili bila kueleza? Na wale wa meza nyingine tano? Hao tunawafunika kwa kombe gani? Babu Polepole akaenda kumwita Mkuu.

Mkuu alikuja na mwongozo wake mkononi. Nikamweleza. Nikamwonyesha mchoro, nikamwonyesha hesabu, nikamtajia hata mipira ya baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namsifu, halafu akasema:

"Mpira kashona binadamu, Mwalimu. Molekuli hakuna aliyeishona. Hilo si hoja."

"Basi mpira tuuache," nikasema. "Sitini gawanya kwa tano."

"Mwongozo huu umepita mikono ya wataalamu sita. Umepigwa mhuri. Msahihishaji hausahihishi mwongozo, anasahihisha karatasi. Na karatasi elfu nne zimeshaingia stoo. Unataka nizitoe zote kwa ajili ya wangapi? Walioandika kumi na mbili ni wachache mno."

"Hao wachache ndio waliopata, Mkuu."

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akaniambia nisogeze karatasi, watu wananisubiri.

Hapo ndipo nilipoiweka kalamu. Sikuitupa, kama walivyosimulia baadaye, niliiweka. Lakini hasira sikuificha. Ninawajua watoto wanaofanya mitihani hii. Nawajua wanaotembea saa nzima kwenda shule, wanaosoma kitabu kimoja watu saba, wanaofundishwa maabara kwa chaki. Tunawapa mchoro, tunawaambia hesabuni. Mmoja anahesabu, anapata, halafu mtu mzima mwenye shahada na ufunguo shingoni anamwambia umekosa, kwa sababu kuna mhuri. Alama nne si mchezo. Alama nne ni mtu kwenda chuo au kubaki nyumbani akifukuza kuku. Na hatajua kamwe kwa nini. Atadhani yeye ndiye mjinga. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba angeondoka na cheti akiamini kwamba hakujua kuhesabu mpaka kumi na mbili.

Sasa uzuri wa mkanda ni huu: mmoja akisimama, wote wanasimama. Kumi aliendelea kunisogezea karatasi, maskini, maana hakuthubutu kuacha, na kila alipoiweka moja alisema, "Samahani, dada." Rundo likapanda. Kumi na Mbili, upande wangu wa pili, hakuwa na cha kufanya. Akaanza kuchonga penseli zote za meza. Meza nyingine wakageuza shingo. Nilisikia mtu akisema Kumi na Moja wa meza ya tatu kapandwa na mori, na mwingine akasema ni joto tu.

Saa sita kasoro Mkuu akarudi. Akatazama rundo lililokwishafika kidevuni mwangu, akasema vizuri, kama sitaki kazi wapo wanaoitaka. Jina langu atalifuta kwenye orodha ya wasahihishaji na nisitarajie kuitwa tena. Nikamwambia alifute. Akamgeukia Kumi na Mbili amwambie ashike na la kumi na moja. Kumi na Mbili akajibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba yeye alifunzwa la kumi na mbili tu na angeogopa kuharibu. Akamgeukia Shangazi.

Shangazi hakuinua hata kichwa. "Langu la pili, Mkuu," alisema. "La kumi na moja halinihusu. Si ndiyo sheria mliyotupa Jumapili?"

Mtu akacheka meza ya nne, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Mkuu akapandwa na damu usoni. Akavuta kiti changu, nami nikampisha, nikaenda kusimama dirishani. Akasema atasahihisha mwenyewe, tuone kama mkanda hautatembea.

Na kweli, alikuwa fundi. Lazima nikiri. Kalamu yake ilikwenda kama cherehani. Ishirini, vyema. Kumi na tano, mkasi. Pameachwa wazi, sifuri. Karatasi zikaanza kumfikia Kumi na Mbili, ambaye sasa alikuwa na penseli kali kuliko sindano. Nilisimama pale nikijiambia nitafunga sanduku langu mchana uleule, nirudi nyumbani kwa mume wangu na baba yangu, na mama mkwe apate la kusema mpaka sikukuu.

Ile karatasi ya mwandiko wa kuku nilikuwa nimeiweka pembeni, imelala kifudifudi. Shangazi alinyoosha mkono akaichukua, akaigeuza, akaiweka juu ya rundo mbele ya Mkuu. Halafu akarudi kwenye swali lake la pili kana kwamba amefukuza nzi.

Mkuu akaishika. Kalamu ikashuka, ikaona kumi na mbili, ikainuka kupiga mkasi. Ikabaki hewani. Nilimwona anasoma pembeni. Akasoma tena. Akashuka sehemu ya pili, ambako yule mtoto alikuwa ameandika kwamba elektroni zinatembea ndani ya tufe lake lakini hazina njia ya kuvukia kwenye tufe la jirani, kwa kuwa kila molekuli inajitegemea. Akashuka sehemu ya tatu: almasi ni kitu kimoja kilichoshikana chote, lakini hizi ni molekuli mojamoja, kwa hiyo toluini inaweza kuingia katikati yake na kuzitenganisha. Yote sawasawa. Mkuu akarudi juu.

Akavuta karatasi ya swali. Akachukua penseli moja kati ya zile kali, akaanza kutia nukta kwenye mchoro, nukta moja kila pembetano. Alipomaliza akafuta, akaanza upya kutoka upande wa pili. Kisha, bila kuinua macho, akamuuliza Kumi:

"Sitini gawanya kwa tano ni ngapi?"

Kumi akatazama huku na huku akitafuta wa kumwokoa. "Inategemea mwongozo, Mkuu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Nadhani hapo ndipo jambo lilipomwingia Mkuu, na si kwenye nukta. Alimtazama yule mwalimu kijana kama mtu anayesoma barua ya msiba. Akafunika kalamu yake, akasimama, akaenda mbele ya ukumbi, akatangaza kwamba kuna marekebisho madogo ya uchapaji kwenye mwongozo, swali la kumi na moja sehemu ya kwanza, na kwamba karatasi zote zitatolewa stoo kesho asubuhi zipitiwe upya.

Madogo! Ya uchapaji! Yaani mashine ndiyo iliyokosea, binadamu sote tulikuwa salama. Hakunitazama, hakuniomba radhi, na ule mstari wa mtoto uliomtoa jasho hakuutaja kabisa. Nilirudi kitini kwangu nikataka kusema neno, Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza. Ilinibidi nitosheke na hayo.

Alhamisi asubuhi wakaleta magunia. Kila mwenye swali la kumi na moja alipewa zile alizosahihisha mwenyewe, kwa kuwa karibu na kila alama msahihishaji huandika namba ya meza yake na ya swali. Zangu zilikuwa mia saba na kitu, zote na 3/11 kwa wino mwekundu. Sheria ya marekebisho ni kwamba hakuna kinachofutwa: unapiga mstari mmoja juu ya alama ya zamani ili iendelee kusomeka, unaandika mpya pembeni, unatia saini. Wengine wakapewa kazi ya kujumlisha upya.

Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Nilikaa nimejinyoosha kama bibi harusi. Kila nilipompata aliyeandika kumi na mbili nilimwambia Kumi, "Mwingine huyu," na nikampa somo. Nilimwambia mwalimu asiyesoma alichosahihisha ni mwizi. Nilimwambia watu wa namna ya Mkuu wamejaa nchi nzima, wanaona mhuri hawaoni mtoto. Nilimwambia atakapokuwa mkubwa akumbuke siku hii. Kijana wa watu akawa anaitikia, "Ndiyo, dada," na kujumlisha. Nilihesabu ishirini na sita niliowarudishia haki yao. Nilikuwa natafuta wa ishirini na saba.

Alikuwa kwenye bunda la Jumanne mchana. Mwandiko wake mzuri, wa duara, wa mtu anayeandika taratibu. Pembetano 12, pembesita 20. Chini yake, kwa kuwa nafasi ilikuwa imebaki, alikuwa ameandika hivi:

"Nimehesabu kwenye mchoro mara tatu kwa sababu sikuwa na uhakika. Nafikiri haziwezi kuwa pembesita tupu, kwa sababu pembesita peke yake zinalala bapa kama vigae vya sakafu. Pembetano ndizo zinazoikunja mpaka ijifunge. Nilijaribu kwa karatasi nyumbani."

Alikuwa amejaribu kwa karatasi nyumbani. Nilimwona akikata, sijui kwa mkasi wa nani, akigundisha kwa uji au kwa gundi, akivunja na kuanza upya. Huyu alikuwa amekwenda mbali kuliko yule wa kwanza. Yule alijua ngapi. Huyu alijua kwa nini.

Pembeni pale palikuwa na mkasi mnene, uliokandamizwa mpaka ukaacha alama upande wa pili wa karatasi. Karibu yake 3/11. Na chini ya maelezo yake, kwa mwandiko wangu mimi, herufi zangu zile ndefu ambazo wanafunzi wangu huzitania, maneno manne:

"Acha porojo. Jibu swali."

Hata kuandika maneno kwenye karatasi ya mtahiniwa ni marufuku, na mimi nilikuwa nimeyaandika. Nilijaribu kukumbuka Jumanne mchana, nilikuwa nimechoka, au njaa, au tulikuwa tunacheka jambo gani pale mezani. Sikukumbuka kitu. Kama ningekumbuka hasira kidogo, au hata dharau, ningekuwa na pa kushika. Nilikuwa nimeyasoma maelezo yale, lazima niliyasoma, maana ndiyo niliyoyaita porojo. Niliyasoma na sikuyaona. Mkuu alipofikiwa na karatasi ya namna ile, kalamu yake ilisimama hewani. Yangu ilishuka. Nyani haoni kundule, wanasema, na mimi nilikuwa nimekaa siku nzima nikiwahubiria wenzangu habari za makundu yao. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilizijua hoja za kujitetea. Mtoto hatayaona, karatasi hizi hazirudi. Mwongozo ulisema ishirini. Sote tulifanya. Nilizisikia zikija moja moja kichwani, na kila moja ilikuja na sauti ya Mkuu.

Kumi aliniuliza kama ni mwingine. Shangazi akanyoosha mkono, nikampa karatasi, akaisoma kwa utulivu, maelezo ya mtoto na maneno yangu. Nilisubiri aniambie kitu cha kunifariji. Akairudisha mbele yangu.

"Piga mstari mmoja, mwanangu," alisema. "Kama sheria inavyotaka."

Nikapiga mstari mmoja juu ya mkasi, nikaandika nne, nikatia saini. Halafu nikapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu, nikatia saini na hapo pia. Bado yalisomeka yote manne.